Anza na beseni kavu: kumtoa mbwa mchanga woga wa maji

Mtoto wa mbwa anayejikunyata akiona ndoo, mara nyingi hana ugomvi na maji yenyewe. Mvua ikinyesha utamkuta anarukaruka kwenye dimbwi la uani, na bakuli lake la kunywea analipindua kwa mchezo. Anachokumbuka ni siku aliyokamatwa ngozi ya shingo, akatiwa kwenye karai linaloteleza, akamwagiwa maji baridi ya bomba kichwani pamoja na dawa ya kupe inayowasha macho. Kwa mbwa wengi wa majumbani kwetu, huko ndiko kuoga kwa kwanza. Baada ya hapo ukishika ndoo tu, yuko chini ya gari.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha chochote, jua anaogopa kipi. Ndani ya neno hilo moja "maji" mna mambo mengi: sakafu anayosimamia, mlio wa bomba, ubaridi, kushikwa, kina, harufu ya dawa. Kila kimoja kina tiba yake, na anayevitibu vyote kwa pamoja hatibu hata kimoja.

Jaribio ni rahisi, ila lifanywe kwa siku tofauti. Siku ya kwanza tandika gunia lililoloa barazani, weka kipande cha nyama katikati, kaa kando. Akikanyaga bila taabu, unyevu si tatizo. Siku ya pili weka beseni tupu, kavu, lenye nyama ndani. Akinyoosha shingo huku miguu ya nyuma ameikita nje kama mtu anayechungulia kisima, anaogopa chombo. Siku ya tatu mtu mwingine afungulie bomba hatua 10 kutoka alipo mbwa anakula; akiacha kula na kulaza masikio, ni mlio. Siku ya nne usilete maji kabisa. Mshike tu kama unayetaka kumwogesha, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya tumbo, hesabu mpaka 3, mwachie. Akikakamaa mwili mzima, anachoogopa ni mikono yako, na beseni halina kosa.

Hapa kuna jambo lisiloweza kusubiri. Ukimwambia jirani kwamba mbwa wako anaogopa maji, atakuuliza kama ana kichaa. Kuogopa maji ni dalili ya kichaa cha mbwa kwa binadamu aliyeambukizwa. Kwa mbwa mwenyewe siyo dalili ya kawaida. Mbwa mwenye kichaa anaweza kulijia bakuli akashindwa kumeza kwa sababu koo limepooza. Ute unamtiririka, taya linalegea, sauti inabadilika, tabia inageuka ghafla. Ukiona hayo usimtie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Mtenge, mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Kijibwa anayekunywa vizuri asubuhi na kukimbia ndoo jioni yuko kwenye kundi jingine kabisa, na ndiye tunayemzungumzia.

Umri nao una neno lake. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea vitu vipya kwa wepesi ambao hautarudi tena. Beseni analolizoea akiwa na wiki 8 mara nyingi halitamsumbua ukubwani. Tatizo ni kwamba katika umri huohuo chanjo hazijakamilika, na ugonjwa wa parvo, ule wa kuhara damu, hukaa kwenye udongo kwa miezi. Ufukweni na kwenye madimbwi ya mtaani asubiri mpaka amalize chanjo, kwa kawaida wiki ya 16 hivi. Beseni la nyumbani halina haja ya kusubiri. Na ukiona mbwa wa miezi 8 aliyekuwa haogopi kitu ameanza kukataa maji, usishangae: wengi hupitia kipindi cha pili cha woga kati ya miezi 6 na 14. Ila kwanza mchungulie masikio na ngozi. Sikio lenye uchafu au kidonda chini ya manyoya humfanya mbwa yeyote akimbie maji, na hapo dawa ni ya daktari.

Ujira wake uwe kitu ambacho hapewi siku nyingine. Maini ya kuchemsha yaliyokatwa ukubwa wa punje ya mahindi yanafaa kuliko vyote. Dagaa wakavu pia, ila wale wasiotiwa chumvi. Vipande 20 vinatosha kipindi kimoja, na jumla ya vitafunio isizidi sehemu 1 kati ya 10 ya chakula chake cha siku, la sivyo ataharisha na utayasingizia maji. Chagua neno moja fupi la kumwambia amepatia, "safi" au "ndiyo", na wote nyumbani walitumie hilohilo.

Kinywa chake ndicho kipimo chako. Mbwa anayependa maini akiyakataa, umeshavuka mpaka. Rudi nyuma sasa hivi, usisubiri alie. Kabla ya kufika hapo atakuwa ameshakuambia kwa njia nyingine: analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo mchana kweupe, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mkia umeingia kati ya mapaja. Kutetemeka huja mwisho. Wengi huanza kuangalia wakati wa kutetemeka.

Beseni liwe pana, la kufulia, lenye ukingo wa sentimita 15 hivi. Ndoo haifai, na karai la bati lina kelele. Mtazame mbwa anapoingia kwenye beseni la plastiki lisilotandikwa: anatia mguu mmoja wa mbele, kucha zinakwaruza, vidole vinatanuka vikitafuta pa kushika, mguu unateleza upande, na papo hapo mgongo unapinda juu. Hata tone la maji halijamgusa, na somo la siku limeshaharibika. Tandika chini gunia la katani lililokunjwa mara mbili, au kipande cha mkeka wa mpira wa gari, kikae bila kujikunja. Katika mambo yote yaliyomo humu, hili moja ndilo linalookoa muda kuliko mengine.

Siku tatu za mwanzo beseni libaki kavu. Tupa kipande cha ini ndani, acha aingie na kutoka anavyotaka. Ukingo ukimshinda, lilaze gunia lipite juu ya ukingo kama ngazi. Asisukumwe wala kuinuliwa. Mbwa aliyeingia kwa miguu yake anajua njia ya kutokea, na aliyetiwa kwa mikono hajui. Dakika 3 hadi 5 asubuhi, nyingine jioni, na umalize angali anataka kuendelea. Akishaingia mwenyewe na kukaa akikutazama, lowesha gunia. Kesho yake tia maji ya sentimita 1, yaani vidole vinalowa na kiganja cha mguu bado kinahisi gunia. Kisha sentimita 3. Kisha mpaka kwenye kifundo. Kila kimo kikae siku 2 au 3.

Maji yawe vuguvugu. Joto la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hiyo maji ya bomba yanayokuburudisha wewe saa saba mchana yanamshtua yeye tumboni. Ndoo iliyokaa juani kwa saa 1 au 2 inatosha, halafu pima kwa kiwiko: usihisi baridi wala moto. Maji ya kwenye mpira uliolala juani usiyaamini kabisa, yale ya mwanzo yanaweza kuunguza.

Mlio ufundishwe peke yake, siku ambayo hakuna kulowa. Bomba linamiminika taratibu kwenye ndoo umbali wa hatua 10, yeye anakula. Akizoea, hatua 8, kisha 5. Weka kitambaa chini ya ndoo, na maji yapige ukutani mwa ndoo badala ya kugonga chini. Mpira wa maji ni bora uchelewe; ukiutumia, ondoa kile kichwa cha kurushia, ufungulie kidogo, uuweke karibu na ngozi kiasi kwamba maji yanatambaa bila kurusha. Na usimfukuze nao kwa mchezo. Watoto wa nyumbani hupenda sana mchezo huo, na wiki mbili za kazi yako huishia hapo.

Kummwagia anza na kopo, tena tupu. Mguse nalo mguu wa nyuma, mpe ini. Kisha liwe na maji robo, umimine kwenye mguu wa nyuma, halafu paja, halafu mgongo kuelekea mabegani. Kichwa hakimwagiwi kabisa: hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kuanzia shavuni kwenda nyuma. Mbwa wengi waliofaulu hatua zote hurudi mwanzo kwa sababu ya kopo moja la kichwani. Mtu wa pili amshikie kiganja chenye maini mbele ya pua, asimame upande wake, asimwinamie kwa juu.

Sabuni ije baadaye, akishaoga maji matupu mara tatu au nne kwa utulivu. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali na hukausha ngozi, na ya watu imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi kuliko ya mbwa. Tafuta ya mbwa, na mara 1 kwa mwezi inatosha. Ama dawa ya kupe, itenganishe na kuoga kabisa wakati wa mafunzo. Zipo za kudondoshea shingoni, lakini nazo soma umri na uzito wa mbwa kwenye pakiti, na kwa nyingi usimwogeshe siku 2 kabla wala siku 2 baada. Dawa ya josho la ng'ombe iliyokorogwa kwa kukadiria usimpake mtoto wa mbwa. Ina sumu ya kumlegeza na hata kumuua, na akipona, harufu yake ndiyo atakayoikumbuka kila akiona beseni.

Sasa hili la "mtupe tu, atajua mwenyewe". Kila ufukwe una mtu wa kukushauri hivyo, na ushahidi anao: mbwa kweli ataogelea. Ataogelea kwa sababu hana la kufanya. Ila mtazame anavyoogelea: kichwa juu sana, miguu ya mbele inapiga maji juu ya uso wa bahari, kiuno kimezama. Hiyo ni namna ya kuchoka haraka, na mbwa aliyechoka hivyo anazama. Akitoka hai, amejifunza mambo mawili: maji yanaua, na wewe ndiye unayemtia humo. Kesho yake atagoma kushuka kwenye gari. Kumvuta kwa kamba ni mtupo uleule kwa mwendo wa pole. Mbwa akivutwa mbele, mwili wake hujibu kwa kuvuta nyuma, na mkanda wa shingoni unamkaba wakati huohuo anaotakiwa kupumua vizuri.

Wapo pia wanaosema mbwa mwoga asibembelezwe, eti utamzidishia woga. Si kweli. Mkono uliotulia kifuani mwake na sauti ya chini havimdhuru. Kinachomdhuru ni sauti ya juu ya wasiwasi, "njoo, njoo, njoo, njoo", ambayo mbwa huisikia kama king'ora.

Beseni likiisha kuwa jambo la kawaida, na hilo huchukua wiki 2 kwa mmoja na miezi 2 kwa mwingine, waliopo pwani wanaweza kwenda baharini. Chagua siku kwa mwezi. Bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu, tofauti ikipita mita 3 Dar es Salaam na Mombasa, na mikondo yake si ya mwanafunzi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndiyo yake. Kusi likivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, yapo mawimbi kwenye fukwe zilizo wazi hata asubuhi. Siku za tanga mbili, kusi na kaskazi zinapopishana, na asubuhi za kaskazi jepesi zina utulivu zaidi. Fika saa moja kabla ya maji kumaliza kupwa. Hapo ufukwe unaacha vidimbwi vya kina cha kifundo, maji ya moto kidogo, hakuna wimbi, chini mchanga tupu: beseni kubwa kuliko lolote utakalonunua. Maji yakigeuka kuanza kujaa, geuka nayo, kwa sababu hujaza mikondo ya nyuma yenu kabla ya kuwafikia miguuni. Epuka mwamba, una makali yanayochana nyayo na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu.

Asubuhi mapema pana faida nyingine mbili. Mchanga bado baridi. Baadaye weka mgongo wa mkono juu yake kwa sekunde 7, usipovumilia naye hatavumilia. Na watu ni wachache. Pwani yetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mbwa aliyelowa akijikung'uta karibu na mtu, mtu huyo ana kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mbali na dini, hakuna anayependa kurushiwa maji ya mbwa. Kaa mbali na njia ya wapita kwa miguu, na mbwa awe kwenye kamba.

Kamba iwe ya manila, ile ya plastiki inayoelea, urefu wa mita 8 hivi, imefungwa kwenye mkanda wa kifuani na si wa shingoni. Katani hunywa maji ikawa nzito. Usiifunge kwenye kitu, wala usiizungushe mkononi, ikivutwa ghafla inachuna ngozi. Tangulia wewe mpaka magotini, msimame ubavu kwa ubavu, mtembee sambamba na ufukwe kwenye ukingo wa povu, mkiingia kidogo na kutoka kidogo. Kina kinaongezeka bila yeye kukigeukia uso kwa uso. Mahali ambapo karibu wote hukwama ni maji yanapogusa tumbo. Atasimama, atanyanyua mguu mmoja, atarudi. Mwache arudi. Wapo wanaokaa wiki nzima kwenye mstari huo, kisha siku moja wanapita bila hata kuangalia chini.

Kuogelea kwa mara ya kwanza hufanyika vizuri kwenye mkondo mwembamba kati ya mafungu mawili ya mchanga, upana wa mita 1 hadi 1 na nusu, maji yametulia. Wewe uko ng'ambo ya pili, au mtu anayemwamini zaidi. Anavuka kwa mapigo mawili matatu ya miguu, na kabla hajajua kwamba ameelea, ameshakanyaga mchanga. Akianza kusimama wima majini, mkono wako uingie chini ya tumbo karibu na mapaja, uinue kiuno kidogo mpaka mgongo ulale sawa na maji. Miguu ya nyuma ikihisi maji itaanza kupiga yenyewe. Usiinue kifua, utazidi kumsimamisha wima. Kupata jaketi la kuelea lenye mpini mgongoni ni bora, hasa kwa mbwa wa pua fupi na wa miguu mifupi, kama pug, bulldog na dachshund, ambao mwili wao haukuumbwa kuelea vizuri. Hawa wasiingie kina bila jaketi hata wakiwa wakubwa. Avalishwe nyumbani pakavu siku kadhaa kwanza, vidole viwili vipite kati ya mkanda na mbavu. Mbwa mkubwa mtulivu anayependa maji ni mwalimu mzuri wa kutangulia. Yule mwenye vurugu, anayepanda wenzake mgongoni, abaki nyumbani.

Dakika 5 za kuogelea zinatosha siku hiyo. Beba lita 1 ya maji ya kunywa na umpe kila baada ya dakika 10, kwa sababu mbwa mwenye kiu hunywa bahari. Mafunda machache huleta kuharisha. Akinywa mengi hutapika, huyumba na kutetemeka, na huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari.

Walio Mwanza, Bukoba au Kisumu, ziwa halifai kuwa darasa. Mamba wapo, na kichocho kinakuingia wewe uliyesimama magotini kumsubiri. Palipotanda kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji, mbwa akinywa hapo au akijilamba manyoya anaweza kufa siku hiyohiyo. Vidimbwi vya maji yaliyotuama mitaani navyo huweza kuwa na mkojo wa panya, ambao huleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Mbwa huipata na huweza kuwapa watu, na chanjo yake kwa mbwa ipo, muulize daktari. Bara nunua bwawa la plastiki la watoto, tandika mkeka wa mpira ndani, endelea kutoka beseni kwenda hapo.

Akitoka baharini mwogeshe maji yasiyo na chumvi, chumvi ikikauka kwenye ngozi inawasha na atajikwangua mpaka kidonda. Futa kati ya vidole. Masikio yaliyolala, kama ya Labrador, yageuze na kuyafuta kwa kitambaa kikavu mpaka pale kidole chako kinapoishia, usiende ndani kwa kijiti. Ukimtia pamba wakati wa kuoga, zihesabu: mbili zilizoingia, mbili zitoke. Na ukiamka kesho yake ukamkuta mkia umening'inia kama kamba, hautikisiki, haimaanishi umevunjika. Misuli ya shina la mkia imechoka kwa kuutumia kama usukani. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku chache. Mpumzishe maji mpaka autikise tena, na safari ijayo punguza muda kwa nusu.